Mahindi ya stoo ya walokole: nilivyonyamaza hapa Busia

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio Kenya, mlio Uganda na mnaosoma mkiwa mbali.

Uzi huu nimeuandika mara tatu na kuufuta. Leo nauacha ulivyo. Majina nimebadilisha na kanisa sitalitaja, kwa hivyo msinifuate inbox kuuliza. Lakini yaliyotokea ndiyo haya, na pale ninapotoka vibaya sitajitetea.

Wiki iliyopita kuna member aliuliza humu, Wakristo tunawezaje kuwa mfano mwema kwa jamii inayotuzunguka? Majibu yalikuwa mengi. Mikutano ya injili. Redio. Waumini wagombee viti.

Nilisoma yote nikashindwa kuchangia. Mimi nilimwona mtu mmoja akiifanya hiyo kazi kwa macho yangu. Na najua sisi wenzake tulimfanya nini.

Nianze.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Busia upande huu. Kwa miaka minane nilikuwa supavaiza kwenye stoo ya mahindi upande wa Uganda. Kila asubuhi navuka kwa miguu, jioni narudi. Watu wa mpakani mnaelewa, kwetu kuvuka nchi ni kama kuvuka barabara kwenda kununua chumvi.

Mwenye stoo nitamwita Mzee Ojiambo. Alikuwa mzee wa kanisa, yule wa kiti cha mbele kabisa. Nusu ya mabati ya kanisa letu ni yeye aliyeyatoa. Mimi nilikuwa shemasi kanisa hilohilo, na kazi niliipata kwa sababu hiyo.

Stoo yetu ilijulikana kama stoo ya walokole. Kila siku kabla ya kazi tulikuwa na maombi. Wapakiaji wawili, akina mama kumi wa kuchambua mahindi, tunasimama katikati ya magunia, mimi naongoza. Wimbo mmoja, neno fupi, sala. Kisha kila mama anachukua ungo wake na kuketi.

Wakulima walitupenda kwa ajili hiyo. Mtu anatoka Sikuda huko na baiskeli tatu za mahindi, anapita stoo mbili tatu, anakuja kwetu. Ukimuuliza anasema, "Hapa munaomba."

Mtu mmoja tu hakuja kwenye maombi. Mzee Wandera, mlinzi. Yeye ni Msamia wa Sikuda, wakati huo amepita miaka sitini. Asubuhi anapomaliza zamu yake alikuwa anakaa kwenye kibao chake getini, anakunywa chai kwa kikombe cha bati, anatutazama tukiimba.

Busaa, ile pombe ya kienyeji, alikuwa anakunywa na hakuficha. Tukimaliza ananiuliza, "Shemasi, leo mumemaliza dhambi yote ama imebaki ya kesho?"

Nilikuwa nacheka tu. Moyoni nilimhesabu kama mtu aliyepotea.

Sasa kati ya wale akina mama kumi kulikuwa na Adikini. Mjapadhola wa kijiji cha Kiyeyi, upande wa Tororo, umri kama arobaini na tano hivi, mwembamba, si mtu wa maneno. Alikodi chumba kimoja Busia, nyumbani alikuwa anaenda mwisho wa mwezi. Kanisani kwetu alikuwa anakaa benchi la nyuma pamoja na akina mama wengine wa vibarua.

Adikini hakuwahi kuhubiri. Sikumbuki hata siku moja akisimama kutoa ushuhuda.

Ila kuna siku alikuta simu ndani ya gunia. Mkulima ilikuwa imemponyoka wakati wa kufunga. Wenzake wakamwambia aizime abaki nayo. Yeye akaja kuniomba ruhusa ya saa moja, akatoka kwenda stendi ya bodaboda kuulizia. Alirudi baada ya saa tatu, vumbi mpaka magotini, simu amemkabidhi mwenyewe. Siku ile nilimkata malipo ya nusu siku kwa kuchelewa. Ndiyo, mimi.

Na Wandera alipougua malaria wiki nzima na bado anakuja zamu, ni Adikini aliyekuwa anambebea uji asubuhi, anaufunika na kitambaa, anaacha kwenye kibao na kuingia kazini. Hakumwambia habari za wokovu. Alikuwa anamuuliza amelalaje, basi.

Baada ya hapo nikaona Wandera ameanza kuinuka kwenye kibao wakati wa maombi. Kwanza alisimama pale getini. Kisha mlangoni. Mwishowe alikuwa anasimama nyuma ya wapakiaji, kofia mkononi.

Siku moja akaniuliza, "Shemasi, wewe na huyu mama munaomba Mungu moja?"

Nikasema ndiyo mzee, Mungu ni mmoja.

Akasema, "Sawa. Nilikuwa nauliza tu."

Nililichukua kama utani wake wa kawaida.

Tuje kwenye mkasa wenyewe.

Msimu ule mvua haikukatika wakati wa kuvuna. Wakulima wakavuna mahindi mabichi, hawana pa kuanika, wakayafunga hivyohivyo kwenye magunia. Yalipofika mpakani ukifungua gunia unakutana na joto na harufu kama ya nguo iliyosahaulika majini. Punje zimeshika kuvu, nyingine kijani, nyingine nyeusi.

Stoo nyingi zilikataa. Mzee Ojiambo akanunua. Alinunua mengi, kwa bei ya kutupa.

Wakati huo tulikuwa na order ya shule moja ya bweni upande wa Kenya. Mzee akaniita pembeni akaniambia tuanike yale mabovu kwenye turubai siku mbili, tuyapepete, kisha tuchanganye gunia moja bovu kwa matatu mazuri. Haitaonekana.

Nikamuuliza, "Mzee, si haya yana ile sumu?"

Akaniambia, "Baba Mercy, watu wamekula mahindi haya tangu babu zetu. Tutayaombea."

Wakuu, sitanii. Alisema tutayaombea. Na kesho yake asubuhi niliyaombea kweli, mimi na sauti yangu hii.

Kuna mtu atauliza kama nilijua aflatoxin, ile sumu ya kuvu, ni nini. Nilijua. Kila mtu wa mahindi mpakani anajua, tumeona malori yakirudishwa kwa ajili ya hiyo kitu. Nilijua na nikasema amina.

Akina mama wakaanza kuchanganya. Adikini hakuchanganya. Aliendelea kuchambua kama kawaida, punje nzuri huku, punje za kuvu kule, rundo la kule likawa linapanda. Nikamwendea, nikachuchumaa karibu naye nikamwambia leo hatutengi, tunachanganya.

Akasema bila kuniangalia, "Bosi, mimi hapana. Hii mahindi iko mbaya. Kwetu Kiyeyi tulipatia nguruwe. Nguruwe nne. Yote ilikufa."

"Hii imeanikwa, mama."

"Ile pia tulianika."

Nikakimbilia Biblia. Nikamtolea andiko la kutii wakubwa. Nikamwambia kazi yake ni kuchambua, dhambi kama ipo ni ya mwenye mali, yeye hatahesabiwa.

Hapo ndipo aliponitazama. Akasema, "Baba Mercy, wale watoto wa shule watakula kwa mukono yangu."

Hakupandisha sauti. Akarudi kwenye ungo wake.

Wenzake wawili waliokuwa karibu wakaacha kuchanganya pia. Waliweka tu nyungo chini wakajifanya wanapumzika. Niliona jinsi jambo linavyoweza kusambaa kutoka kwa mtu mmoja asiyepiga kelele, na badala ya kufurahi niliogopa.

Siku mbili baadaye Adikini akanifuata wakati wa chai. Alikuwa amefunga punje kama kilo mbili kwenye mfuko wa nailoni. Akanionyesha.

"Nakwenda kuonyesha Mchungaji," akasema. "Yeye ataongea na Mzee. Mzee atamusikia. Mimi sitaki kelele."

Aliniambia mimi kwa sababu mimi ni shemasi. Aliona ni utaratibu, hawezi kumruka kiongozi.

Nikamwambia vizuri mama, fanya hivyo.

Halafu nikaenda ofisini nikamwambia Mzee Ojiambo.

Mpaka leo sijui kwa nini. Nimejipa sababu nyingi. Kwamba nilitaka Mzee ajitayarishe, kwamba nilitaka mambo yaishe kimya kimya. Ukweli ni kwamba niliogopa nitaonekana nilijua na sikusema. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na kazi nzuri, nikamuuza mtu kwa hofu tu.

Jioni ile tulipotoka, Mzee mwenyewe alisimama getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema kuna mahindi yanapotea, mifuko ikaguliwe. Ikakaguliwa mifuko ya akina mama wote kumi. Ule mfuko wa nailoni ukapatikana kwa Adikini.

Mzee akauinua juu wote wauone. "Hata wewe mama, mtu wa Mungu?"

Adikini akasema, "Hii ni ile mbaya. Baba Mercy anajua."

Wote wakanigeukia. Wandera alikuwa ndiyo kwanza anaingia zamu, amesimama na rungu lake kwapani.

Nikasema, "Mimi nilimwona na mfuko. Sijui zaidi."

Wakuu, maneno sita tu hayo. Nimeyahesabu mara nyingi.

 Adikini alichukua leso yake, akajifunga, akaenda. Wale wawili waliokuwa wameweka nyungo chini, kesho yake asubuhi walichanganya kama wengine.

Jumapili tukawa na kikao cha wazee baada ya ibada. Mchungaji ni kijana wa kutoka mbali, alikuwa hana hata mwaka pale, na nyumba anayoishi ni ya Mzee Ojiambo. Aliuliza swali moja tu, kama mfuko ulipatikana kwake au haukupatikana. Ulipatikana. Mama akatengwa miezi sita. Asishiriki meza ya Bwana, asiimbe, asiombe mbele za watu.

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Mwandiko wangu ni mzuri, ndiyo maana huwa napewa kuandika.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na stoo ya mama mmoja Mwislamu, tunamwita Hajati. Mkali, mnene, mjuzi wa mahindi kuliko sisi wote. Jumatatu nilimwona Adikini ameketi kwenye kivuli cha stoo ya Hajati, na ungo wake.

Nikavuka kwenda kumsalimia Hajati, kumbe nilitaka kujua ameambiwa nini. Hajati akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Nimeambiwa ni mwizi," akasema. "Nimemuuliza ameiba nini, kaniambia mahindi ya kuvu. Baba Mercy, mimi nimefanya biashara mpakani hapa miaka ishirini na sijawahi kumwona mtu anaiba kuvu. Nimemwajiri saa ileile."

Nikarudi stooni kwangu. Tulikuwa tumeshaomba asubuhi ile.

Kumbe wale wa shule hawakuwa wajinga. Lori letu lilifika, mpishi wao akafungua gunia la chini, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa, akakataa. Mwalimu mkuu akarudisha mzigo wote siku hiyohiyo.

Sasa tukawa na rundo la mahindi ambayo hayauziki. Yalijaa mpaka karibu na mlango. Mwenye akili angeyachoma.

Mzee Ojiambo akaja na wazo. Jumamosi akaita wafanyakazi, walinzi wa stoo za jirani, na wajane wa kanisa. Akasema Bwana ametubariki, na sisi tunawabariki wengine. Kila mtu apewe nusu gunia. Kwaya ikaimba nyimbo mbili. Kijana wa media wa kanisa akapiga picha, zikapandishwa kwenye page yetu. Watu wakaandika amina nyingi pale chini.

Mimi ndiye niliyekuwa nagawa.

Wajane wengi hawakula, hilo nilikuja kulijua baadaye. Waliona wenyewe, wakamwagia shambani. Mama mzima aliyelima maisha yake yote hahitaji shemasi amwambie mahindi yameoza.

Lakini Wandera, alipofika zamu yake kwenye mstari, akachota punje kiganjani, akazisogeza karibu na macho. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu wa uzee.

Akaniuliza, "Shemasi, hii iko sawa?"

Nikamjibu, "Osha vizuri mzee, anika, saga. Moto unaua kila kitu."

Akanishukuru. Akafunga nusu gunia kwenye baiskeli na mpira, akaenda nayo Sikuda kwa mke wake.

Mke wake aliitwa Nabwire. Nilikutana naye mara mbili tatu, alikuwa anakuja stooni kumletea Wandera viazi vitamu. Mama mcheshi, mfupi, anasalimia mtu kwa mikono miwili.

Wandera mwenyewe hakuwa mlaji sana wa posho, yaani ugali. Mara nyingi alikuwa anakula kwa mama ntilie hapo mpakani, na jioni busaa yake. Nabwire ndiye aliyekuwa nyumbani, anakula ile posho mchana na jioni, kila siku, kwa sababu ndiyo ilikuwepo.

Kama mwezi hivi ukapita. Wandera akakosa kazini. Siku ya tatu nikatuma mtu. Akarudi akasema mama ni mgonjwa, anatapika, macho ya njano, tumbo limevimba, wamempeleka hospitali Tororo.

Nilikwenda kumwona. Nilimkuta Wandera amekaa kwenye benchi la nje, kofia magotini. Akaniambia daktari amesema ni ini. Daktari amemuuliza mama amekuwa akila nini, pombe ngapi. Wandera akamwambia mama hajaonja pombe tangu azaliwe, anayekunywa ni yeye.

"Nimemwambia anakula posho tu," akasema. "Akaniuliza posho ya wapi."

Nilikaa naye pale karibu saa nzima. Nilimwombea. Sikumwambia kitu.

Nabwire alifariki baada ya siku nne.

Najua kuna mwanasheria humu atasema haikuthibitishwa. Ni kweli, hakuna aliyempima mama wala yale mahindi. Mimi si daktari. Ila kuku wake pia walikuwa wamekufa kabla yake, kumi na kitu, na jirani aliyepewa unga ule kidogo aliugua akapona. Nyinyi fikirini mnavyotaka. Mimi najua ninachojua.

Mazishi yalikuwa Sikuda, mchana, nyumbani kwa Wandera.

Kanisa letu lilienda kwa lori. Kwaya na sare zao, Mchungaji, Mzee Ojiambo mbele karibu na dereva, na magunia mawili ya mahindi kama mchango wa msiba. Safari hii yalikuwa mahindi mazuri. Mimi mwenyewe nilihakikisha, kana kwamba inasaidia.

Watu walikuwa wengi. Majirani, wanywaji wenzake wa busaa ambao ndio waliochimba kaburi, wakulima wengi tunaowajua kwa sababu wanatuuzia. Hajati alikuwepo amekaa kwenye mkeka na akina mama, na pembeni yake Adikini.

MC akatangaza ratiba, kwamba kanisa litaongoza ibada. Kwaya ikasimama, ikajipanga.

Wandera akainuka. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Akatembea mpaka mbele ya kwaya.

"Nyinyi kaa," akasema. "Chakula mutakula, mumekuja kwangu, nyinyi ni wageni. Lakini hapa hakuna mutu yenu ataomba."

Mchungaji akasogea, akamshika mkono, akamwambia mzee, tunaelewa uchungu wako.

"Hapana, haujaelewa," Wandera akasema. Hakuwa na hasira kwenye sauti, na hilo ndilo lililokuwa gumu kusikiliza. "Mimi nilikuwa nakuja kwa maombi yenu kwa sababu ya mutu moja. Mukamufukuza, mukamwita yeye mwizi. Mimi nilisimama pale geti, niliona. Nikanyamaza, mimi ni askari tu, nikasema hawa watu ya Mungu wanajua. Halafu mukanipatia hii mahindi na nyimbo."

Akageuka upande wa akina mama. "Adikini. Kuja uombee huyu mama."

Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, lakini sisi wa mbele tulisikia, "Mzee, huyo mama yuko chini ya nidhamu. Haruhusiwi."

"Hapa kwangu ameruhusiwa," Wandera akasema.

 Nadhani Adikini hakutaka. Hajati akamgusa bega akamwambia, "Nenda mwanangu, unaitwa."

Akaenda, akasimama karibu na jeneza, viatu amevua. Aliomba kidogo kwa Kiswahili chake kile, kidogo kwa lugha ya kwao, Dhopadhola. Alimshukuru Mungu kwa Nabwire na viazi vyake. Aliomba Wandera apate usingizi. Hakututaja. Nilingoja atutaje, kwa mazuri au kwa mabaya, hakututaja kabisa.

Wale wanywaji wa busaa walikuwa wamevua kofia. Mmoja alikuwa analia waziwazi.

Sisi tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki na sare zetu, na hakuna mtu aliyekuwa anatutazama.

Baada ya mazishi nilimfuata Adikini kwenye njia ya kwenda barabarani. Nikamwambia nimekosa, anisamehe.

Akasema, "Mimi nilikusamehe siku ile ya getini. Nilijua unaogopa." Akatembea hatua kadhaa. "Lakini ile ya Nabwire si yangu kusamehe. Enda kwa Wandera."

Ilinichukua wiki mbili kupata nguvu ya kurudi Sikuda. Nilimkuta anapanda mihogo. Nikamweleza yote. Kwamba nilijua ile sumu tangu mwanzo, kwamba ni mimi niliyemwambia Mzee habari za ule mfuko, kwamba siku ya kugawa nilijua.

Alisikiliza mpaka nikamaliza, jembe limesimama mkononi.

Kisha akasema, "Nilikuuliza."

Nikasema ndiyo mzee.

"Nilikuuliza, Shemasi."

Akarudi kulima. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu ya kusimama, nikaondoka.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema haya yote mbele ya watu. Mnaodhani wokovu una mwisho mzuri, sikilizeni. Wazee waliniita baada ya ibada. Hawakuniuliza habari za mahindi. Waliniuliza kwa nini nimechafua jina la kanisa mbele ya wageni. Nikavuliwa ushemasi, na kazi nikaacha mwenyewe kabla sijafukuzwa. Nilikwenda pia kuandika maelezo kwenye ofisi inayohusika. Walikuja kukagua, wakakuta stoo imefagiliwa inang'aa.

Adhabu ya Adikini haikufutwa. Iliisha yenyewe miezi sita ilipotimia, na hakuna aliyekwenda kumwambia arudi. Hakurudi.

Mzee Ojiambo bado anakaa kiti cha mbele. Mwaka huu amenunua spika.

Wakati napandisha sehemu hizi, naona kuna mkuu ameuliza pale chini kama mimi bado ni Mkristo. Ndiyo. Lakini naomba kimya kimya siku hizi, na nina shida na kuimba.

Mwingine ameuliza kama kuna zuri lolote lililotokea. Liko dogo. Wale wawili walioweka nyungo chini walihamia kwa Hajati, na baadaye mwingine wa tatu. Kule wana kawaida moja tu, gunia la kuvu halivuki mlango, na ni Adikini anayeingiza mkono kwanza. Wakulima wanajua. Siku hizi wanaanika vizuri kabla ya kuja, wanasema yule mama wa Kiyeyi atarudisha. Wanunuzi wa Kenya wanaulizia stoo ile kwa jina la Adikini, ingawa si yake.

Mwanamke mmoja asiye na cheo amebadilisha jinsi mahindi yanavyoanikwa vijiji kadhaa. Na amefanya hivyo akiwa kwenye stoo ya Mwislamu, kwa sababu kwetu hapakuwa na nafasi yake.

Wandera hajaokoka. Siku hizi anakunywa zaidi. Nikipita tunasalimiana, basi.

Funzo langu si kubwa, wakuu. Mnaotafuta njia za Wakristo kuigusa jamii, msianze na jukwaa. Kwenye kila kanisa kuna mtu mmoja tayari anafanya kazi hiyo, na mara nyingi amekaa nyuma, na mara nyingi anawasumbua wakubwa. Jamii inamtazama yeye ili ijue kama Mungu wetu ni wa kweli. Kisha inatutazama sisi, tumemfanyia nini.

Na wewe uliye kiongozi mdogo kama nilivyokuwa, katibu, shemasi, mwenye kushika kalamu. Mzee Ojiambo peke yake asingeweza. Alihitaji mtu wa kusema "sijui zaidi."

Nimemaliza. Mwenye swali aulize, aliyepitia kama haya aandike. Na mwenye kunitukana pia karibu, nitasoma zote.